Usiku mmoja katika ryokan ya daraja la juu Hakone: tunalipia nini hasa?

Mtanga_wa_Maskati ameuliza:

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi wa Novemba, Mungu akijaalia, nitakuwa Tokyo kwa shughuli za kikazi na mke wangu atafuatana nami. Kazi ikimalizika tunakusudia kulala usiku mmoja Hakone katika ryokan, zile nyumba za wageni za jadi za Kijapani, yenye maji ya chemchemi ya moto. Tumeshaichagua moja, upande wa Gora, lakini bei imenifanya nisite kabla sijathibitisha. Imeandikwa yeni 62,000, na nilipoisoma tena nikagundua kwamba hiyo ni bei ya mtu mmoja, kwa hiyo sisi wawili tutatoa yeni 124,000 kwa usiku mmoja, tena katika chumba ambacho kwenye picha hakina hata kitanda.

Sioni vibaya kulipa fedha nyingi kwa kitu kinachostahili, ila ningependa wale waliokwisha kulala katika nyumba za daraja hilo wanieleze ni kitu gani hasa kinacholipiwa. Vilevile tumesoma kwamba watu huingia majini bila nguo yoyote na kwamba nguo za kuogelea haziruhusiwi. Mke wangu amekwisha kusema kwamba hataingia katika birika la pamoja hata likiwa la wanawake peke yao, nami simlaumu. Kuhusu chakula, hatuli nguruwe wala hatutumii pombe, na inaelekea kwamba mgeni hachagui chakula, hupangiwa na nyumba. Mwisho, kwa kuwa mkutano wangu utakwisha saa nane mchana, je, kuna ubaya gani tukila chakula cha jioni Tokyo kwa utulivu, kisha tukafika Hakone kama saa tatu usiku kwa ajili ya kulala tu?

Mkaazi_wa_Saitama amejibu:

Wa aleikum salaam, kaka. Naomba nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu jibu lake ndilo litakaloamua kama fedha zako zimekwenda mahali pake. Msifike saa tatu usiku. Katika nyumba nyingi za aina hiyo chakula cha jioni huanza saa kumi na mbili au kumi na mbili na nusu, na anayechelewa hana wa kumpikia tena. Wapishi hununua vitu kwa idadi ya wageni waliothibitisha, na ndiyo sababu mtu anayefuta nafasi siku yenyewe, au asiyetokea kabisa, mara nyingi hutozwa bei yote. Mkila Tokyo mtakuwa mmelipia mlo ambao ni sehemu kubwa ya bei hiyo, kisha mkauacha jikoni.

Bei hiyo ya kila mtu kwa kawaida inajumuisha malazi, chakula cha jioni, chakula cha asubuhi na matumizi ya mabirika ya nyumba. Juu yake huongezwa kodi ndogo ya kuoga, ambayo katika miji mingi ya chemchemi ni yeni 150 kwa mtu. Ukikitazama chumba peke yake utadhani umeibiwa, maana utaona mikeka ya tatami, meza fupi, mito ya kukalia, na ukutani kishubaka chenye picha ya kuning'iniza na ua moja, ambacho hakiwekewi mkoba wala simu. Sanduku lenye magurudumu lisiburuzwe juu ya mikeka, libebwe.

Kinacholipiwa, kwa maoni yangu, ni mtu na muda wake. Mnapofika saa tisa alasiri viatu huvuliwa mlangoni, na hamtaviona tena mpaka kesho mtakapovikuta vimepangwa vikielekea nje. Mhudumu wanayemwita nakai huwapeleka chumbani, hupiga magoti kabla ya kusukuma mlango, huwaandalia chai na kitafunwa kitamu cha maharage, na hapo hapo huwauliza mngependa kula saa ngapi. Katika nyumba za daraja unalolitaja, aghalabu ni yeye huyo atakayewaletea chakula, pengine humo humo chumbani, sahani baada ya sahani kwa muda wa saa mbili, akijua mmefika wapi bila ya kuchungulia. Bakuli la supu huja na kifuniko kilichonyunyiziwa matone ya maji, na matone hayo yakiwa bado mazima mgeni hujua kwamba halijaguswa na mtu tangu litoke jikoni. Kisha huja samaki wabichi waliokatwa vipande, kitu cha kuchoma, kitu cha kuchemsha, na wali huja mwisho kabisa pamoja na supu ya miso na achari, baada ya mtu wa pwani kukaa saa nzima akijiuliza vitoweo vyote hivi vinaliwa na nini. Mkimaliza, meza husogezwa na magodoro ya futon hutandikwa pale pale mlipokuwa mkila. Kitanda unachokitafuta kwenye picha kiko kabatini, kaka.

Kesho yake mtatakiwa kutoka saa nne au saa tano asubuhi. Mkifika saa tisa mtakuwa na karibu saa ishirini humo ndani. Mkifika saa tatu usiku mtakuwa mmenunua usingizi. Kutoka stesheni ya Shinjuku, Tokyo, treni ya Romancecar huchukua kama saa moja na nusu hadi Hakone-Yumoto, na kutoka hapo treni ndogo ya mlimani huchukua kama dakika 40 hadi Gora, kwa kuwa hupanda kwa kwenda mbele na kurudi nyuma mara tatu. Mkutano ukiisha saa nane mtafika mkihema, chakula kikiwa mlangoni. Ushauri wangu ni kwamba mlale Tokyo siku hiyo na kwenda kesho yake, tena isiwe Jumamosi, kwa sababu bei hupanda na mwezi wa Novemba watu hufurika kutazama majani yanayogeuka rangi. Mizigo mikubwa ipelekeni kwa huduma ya takkyubin hadi hoteli inayofuata, mwende na mkoba mdogo tu.

Bi_wa_Shangani amejibu:

Kaka, mwambie dada yetu asiwe na wasiwasi, kwa maana suala la stara lina jibu jepesi katika nyumba za bei hiyo. Chagueni chumba chenye birika lake la nje, wanaloliita rotenburo, lililo barazani nyuma ya ukuta wa mbao au mianzi, ambapo mtaoga ninyi wawili tu, mchana au usiku wa manane, bila ya kumwomba mtu ruhusa. Vyumba vya namna hiyo huongeza bei, lakini kwa watu kama sisi ndivyo vinavyofanya safari nzima iwe na maana. Ikiwa vimejaa, ulizeni kama kuna birika la kukodiwa kwa familia, linaloitwa kashikiri. Huandikishwa kwa dakika 45 au saa moja, mlango hufungwa kwa ndani, na baadhi ya nyumba hazilitozi ziada yoyote. Mabirika ya pamoja yenyewe yametenganishwa, wanaume huku na wanawake kule, ila baadhi ya nyumba hubadilishana pande hizo usiku au alfajiri ili kila mgeni aonje yote mawili, kwa hiyo wewe kaka ukiamua kwenda, tazama pazia la mlangoni kila mara wala usitegemee kumbukumbu ya jana.

Hata mkiwa faraghani, taratibu za maji ni zile zile. Mtu hukaa kwenye kigoda kifupi, hujisugua kwa sabuni mwili mzima na kujisuuza mpaka povu lote litoke, ndipo aingie. Birika ni la kujipumzisha, halitumiki kwa kujisafisha, na taulo dogo halitiwi majini. Wenyeji hulikunja na kulibandika kichwani. Maji huwa na joto la nyuzi 40 hadi 42, kwa hiyo aingie polepole, na dakika kumi zinatosha kwa mara ya kwanza. Nywele zifungwe juu zisiguse maji. Ikiwa dada amesuka ndefu, achukue kofia ya plastiki, kwa sababu harufu ya salfa ikiingia kwenye msuko haitoki kwa urahisi.

Liko jambo ambalo hutalikuta katika maelezo ya watalii. Ikiwa mtatoka arusini kabla ya safari na dada amepakwa hina na piko mikononi na miguuni, nyumba nyingi zinazokataa chale za mwilini, kwa kuzihusisha na magenge ya yakuza, zinaweza kumhesabu miongoni mwa waliochorwa. Sisi tunajua kwamba ni pambo la wiki mbili, lakini mhudumu ataona mchoro tu. Ukiwa na birika lako chumbani, hilo halitokei. Na kwa kuwa mnaishi Maskati, bangili na pete za fedha zibaki kwenye mkoba, maana maji yenye salfa huzigeuza nyeusi.

Mtapewa yukata, vazi la pamba la kufunga kwa mshipi, nalo huvaliwa chumbani, ujiani na hata wakati wa chakula. Upande wa kushoto huja juu ya ule wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovishwa maiti, na mhudumu akiona atakimbilia kukurekebisheni. Vazi hilo hufunguka mtu anapokaa chini, kwa hiyo dada avae suruali nyepesi ndani yake na mtandio wake kichwani; sikuwahi kuona mtu akishughulishwa na hilo. Mikeka haikanyagwi kwa viatu wala kwa ndara za ujiani, na chooni mna ndara zake zenyewe ambazo huachwa humo humo, hivyo chumba kinafaa kabisa kwa kuswali. Kibla huko ni magharibi kwa kuelekea kaskazini kidogo, na mwezi wa Novemba jua huzama kama saa kumi na nusu, kwa hiyo Magharibi mtaiwahi kabla ya mhudumu kuanza kuleta sahani.

Mpishi_wa_Likoni amejibu:

Ndugu, nimefanya kazi katika majiko ya Kijapani kwa muda, na ningependa ulichukulie suala la chakula kwa uzito zaidi kuliko hayo mengine, kwa sababu nguruwe ndiye aliye rahisi kuepukwa. Kinachowaponyoka watu ni pombe iliyomo ndani ya viungo. Mirin, ambayo hutia utamu na mng'aro kwenye karibu kila kitu cha kuchemshwa na cha kuchomwa, ni kileo cha wali kilichotiwa utamu. Sake hutumika kuondoa shombo la samaki. Na baadhi ya mchuzi wa soya huongezewa alikoholi ili usiharibike. Nyama ya ng'ombe itakayoletwa kwenye kijungu kidogo cha kuwashiwa moto mezani haikuchinjwa kwa mujibu wa sheria yetu, na kitamutamu cha mwisho kinaweza kuwa na jelatini ya nguruwe. Hata lile yai la mvuke lililo laini kama hariri, chawanmushi, mara nyingi huwa na vipande vya kuku ndani.

Usisubiri kufika ndipo useme. Mpishi wa kaiseki, yaani mlo huo wa sahani baada ya sahani, huipanga karamu yake mapema, na akiambiwa mezani hana la kufanya isipokuwa kuondoa sahani na kuwaachia nafasi tupu. Andikeni siku ileile ya kuthibitisha, tena msiseme tu kwamba mnataka chakula halali, kwa kuwa neno hilo jiko la mashambani linaweza lisilielewe au likaelewa kwamba ni kuacha nguruwe. Tajeni vitu kimoja kimoja: hakuna nyama ya mnyama wala ndege wa aina yoyote, hakuna sake, hakuna mirin, hakuna jelatini, lakini samaki, dagaa, mwani, mayai, tofu na mboga zote tunakula. Hapo utakuwa umemrahisishia kazi, kwa sababu msingi wa ladha yao ni dashi, mchuzi wa mwani wa kombu na samaki aliyekaushwa, nao hauna tatizo kwetu. Ziko nyumba zitakazojibu kwamba haziwezi kupika bila mirin, na jibu hilo la kweli ni bora kuliko heshima ya kukubali kila kitu. Ikitokea hivyo, tafuteni nyingine.

Asubuhi mtapewa samaki wa kuchoma, wali, supu ya miso, yai, achari na pengine natto, maharage ya soya yaliyochachuka na kuvuta nyuzi. Mimi baada ya miaka yote hiyo natto bado nawapisha wenyewe.

Mvuke_wa_Naivasha amejibu:

Nimesoma majibu yaliyotangulia kwa furaha, lakini naona ajabu kwamba watu wanne wamezungumza kuhusu nyumba ya chemchemi na hakuna aliyeuliza maji yenyewe yanatoka wapi. Mimi ni fundi wa jotoardhi, na nilipokuwa mafunzoni Kyushu, kusini mwa Japani, nilijifunza kutazama kwanza karatasi inayobandikwa kwenye chumba cha kuvulia nguo, inayoonyesha uchambuzi wa maji. Kwa mujibu wa sheria ya chemchemi ya mwaka 1948, maji huitwa onsen yakitoka ardhini na joto la nyuzi 25 au zaidi, au yakiwa na kiwango kinachotakiwa cha angalau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa. Kipimo hicho ni chepesi, kwa hiyo maji ya nyuzi 26 yaliyopashwa moto kwa mtambo, yakachujwa, yakatiwa klorini na kuzungushwa tena na tena yanaitwa onsen sawasawa na yale yanayochemka yenyewe. Unachopaswa kuuliza ni kama birika la chumba chenu ni la kakenagashi, yaani maji ya chemchemi yanaingia upande mmoja na kufurika kutoka upande wa pili bila ya kurudishwa. Liko jambo jingine baya zaidi: birika zuri la nje ambalo picha yake inapendeza, kumbe maji yake ni ya bomba.

Bei kubwa haikupi maji bora. Kusatsu, katika mkoa wa Gunma, yapo mabirika ya umma yasiyo na malipo ambayo maji yake yana asidi kali, na ni ya moto kiasi kwamba wenyeji huyakoroga kwa mbao ndefu ili yapoe bila kuongezewa maji baridi, yasije yakapoteza nguvu. Kurokawa, mkoani Kumamoto, mgeni hununua kibao cha mti kinachomruhusu kuingia mabirika ya nyumba tatu tofauti. Na Kinosaki, mkoani Hyogo, hujulikana kwa nyumba zake saba za kuogea za mji, ambapo wageni wa ryokan yoyote huzunguka jioni wakiwa na yukata na viatu vya mbao, tena hata mwenye chale hazuiwi. Huko Novemba ndipo msimu wa kaa unapoanza, na uhalali wa kaa mtaujadili na mashehe wenu. Kama ningekuwa na yeni 124,000, ningelala huko usiku kadhaa katika nyumba ya kawaida.

Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kabla ya safari, asikae majini muda mrefu, na anywe maji ya kutosha akitoka.

Mkaazi_wa_Saitama amejibu:

Fundi wa Naivasha amesema kweli kuhusu maji, na swali la kakenagashi liulizwe bila haya. Hata hivyo, ushauri wake unamfaa mtu anayesafiri peke yake na asiyejali kuoga mbele ya watu. Kusatsu na Kinosaki raha yake ni mabirika ya pamoja, na kaka yetu ametuambia waziwazi kwamba hayo hayatatumika. Ukiyaondoa, utakuwa umelala katika mji wa chemchemi ukitazama wenzako wakienda kuoga. Pia nyumba ya kawaida mara nyingi ina jiko dogo na mpishi mmoja, na yale masharti aliyoyaeleza ndugu wa Likoni yanahitaji jiko lenye watu wa kutosha kupika kando kwa ajili ya wageni wawili. Hapo ndipo bei inapofanya kazi. Kwa anayetaka ukongwe, iko Keiunkan mkoani Yamanashi, iliyoanzishwa mwaka 705 na kutambuliwa na Guinness kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani, lakini iko ndani milimani na haifai kwa aliyebanwa na ratiba ya Tokyo.

Mtanga_wa_Maskati amejibu:

Nawashukuru nyote kwa ukarimu wenu. Tumeamua kuhamisha siku, twende Alhamisi asubuhi, na nimewaandikia wenyewe kuuliza mambo mawili, maji ya birika la chumba na vile vitu vya jikoni kimoja kimoja. Kuhusu maji wamejibu kwamba yanatoka kwenye chemchemi na hayarudishwi. Kuhusu chakula wamesema mpishi anaweza kuondoa nyama, sake na mirin, ila mchuzi wa soya atatumia ule usioongezewa alikoholi ikiwa tutamjulisha wiki mbili kabla, na nimeshamjulisha. Limebaki dogo moja: huyo mhudumu atakayetuhudumia jioni nzima, anapewa bahashishi, au tutakuwa tumemvunjia heshima?

Bi_wa_Shangani amejibu:

Si lazima, kaka, kwa kuwa ada ya huduma huwa imo ndani ya bei, na hakuna atakayewatazama vibaya mkiondoka bila kutoa. Lakini kwa kuwa mmemtaka mpishi afanye kazi ya ziada, na mhudumu ndiye atakayekuwa anakimbia kati yenu na jiko, iko desturi ya zamani ya kutoa kitu kidogo, kati ya yeni 1,000 na 3,000, noti safi ndani ya bahasha, mwanzoni anapomimina chai, si mwishoni mnapoondoka. Fedha tupu hazikabidhiwi mkononi. Akikataa mara ya pili, rudisheni bahasha mfukoni wala msimlazimishe, kwani baadhi ya nyumba zimewakataza wahudumu kupokea. Dada anaweza kumpa halua ya Oman badala yake. Pasipoti zenu msizifunge ndani ya mzigo utakaotangulia kwa takkyubin, kwa sababu mgeni asiye na makazi Japani hutakiwa kuionyesha mapokezi na ikatolewa nakala.